Hewa Ndani ya Paipu

Paipu ya maji ya kule Sagalla nilikohamia ilikuwa na rangi nyingi kuliko kitenge. Haikupakwa kwa urembo. Kila nyumba iliyotaka maji ilitoa paipu zake za chuma na watu wake wa kuchimba, na kabla paipu haijafungwa mwenye nyumba aliipaka rangi yake kwenye ncha, ili hata miaka kumi ikipita asitokee mtu wa kusema fulani hakutoa kitu. Kwa kuwa mlima ule ni mwamba mtupu sehemu nyingi, paipu ilikuwa imelala wazi juu ya mawe. Ungeweza kutembea kutoka kwenye chemchemi mpaka kwenye tanki ukiwasoma majirani kwa rangi: nyekundu, nyeupe, kijani, nyekundu yenye mstari, buluu.

Nilifika Sagalla kwa sababu ndiko nilikokuwa sijafika. Nilikuwa nimekata mkonge Mwatate, nimebeba mizigo sokoni Voi, nimemwagilia ndizi Mata, nimechanganya simiti kwa mafundi wasiohesabika. Niliacha shule darasa la saba na tangu hapo sijakaa mahali miaka miwili. Watu huniuliza natoroka nini. Sitoroki kitu. Nikishajua namna kazi fulani inavyokwenda, miguu inaanza kuwasha.

Nina tabia moja, na niliipata Chala nilipokuwa nikichuma nyanya. Nilikuwa nimesikia kwamba lile ziwa halina mto unaoingia, maji yake yanapita chini ya ardhi kutoka kwenye mlima mkubwa. Nikamweleza mama mmoja tuliyekuwa tukichuma naye mstari mmoja, nikieleza kwa madoido, mkono kiunoni. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kama yanaingia kila siku, mbona halijai likamwagika?"

Ilinichukua wiki mbili za kuuliza watu na kusoma kwenye simu kujua kwamba maji yale yanatoka pia kwa chini, yanaenda kuibukia kwenye chemchemi za huko mabondeni. Lakini somo kubwa halikuwa la ziwa. Niligundua kwamba nilikuwa nimekariri, sikuwa nimeelewa, na kwamba nisingejua tofauti hiyo peke yangu. Tangu siku ile nikitaka kupima kama kitu nakijua, namtafuta mtu asiye na sababu yoyote ya kuniheshimu, namweleza. Akielewa, nimeelewa. Asipoelewa, mjinga ni mimi.

Sagalla mtu huyo alikuwa mama mwenye nyumba yangu. Alikuwa mjane, goti lake moja lilikuwa bovu, na alikuwa na ulimi mkali. Alinikodisha chumba kimoja kando ya jiko lake. Yeye ndiye aliyewaongoza wanawake kuchimba mtaro wa paipu ile, pale penye udongo wa kuchimbika, na goti aliliharibu huko huko. Sasa alikuwa akiletewa maji na bodaboda kutoka chini, mitungi minne kwa safari, na kila mtungi ulipoteremshwa alikuwa akiuangalia kama mtu anayemwangalia mgeni ambaye hakumwalika.

Nilimuuliza kwa nini paipu ilikauka.

"Ukame," akasema. "Chemchemi ilishuka, tukavumilia. Mvua ikarudi, chemchemi ikajaa. Nenda ukaangalie mwenyewe, maji yanamwagika pale juu kama hayana mwenyewe. Lakini kwenye tanki, hata tone."

"Imepasuka mahali."

"Tumetembea paipu yote, wanaume na wanawake. Haijapasuka. Haijaziba, tulipitisha waya. Tukaleta fundi kutoka mjini, akasema mlima ni mrefu, tununue pampu."

"Na zamani maji yalikuwa yanafika bila pampu?"

"Miaka mitatu."

"Kwani mlima umerefuka?"

Akanicheka mara ya kwanza tangu nihamie. Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba mwenyekiti wa maji ameitisha mkutano Jumamosi ya wiki ijayo, na ajenda ni moja: kila nyumba ing'oe paipu zake. Watu walikuwa wamechoka. Mmoja alitaka zake azitumie kujengea zizi, mwingine alitaka kuziuza Voi kama chuma chakavu. Paipu zikishang'olewa hazitarudi tena, kwa sababu hakuna atakayekubali kuchimba mara ya pili. Nilikuwa na siku kumi.

Kesho yake nikapanda kwenye chemchemi, nikashuka na paipu hatua kwa hatua. Inateremka vizuri kutoka juu, halafu inafika mahali penye fighi, ule msitu mdogo wa wazee ambao hakati mtu mti wala hachimbi udongo. Njia ya mkato ilikuwa kupita katikati yake. Walipokuwa wakijenga, hakuwepo hata mmoja aliyependekeza hilo. Watu wa kanisani na wasio wa kanisani walikubaliana bila kura: paipu izunguke. Kwa hiyo inaliacha bonde lenye msitu ule, inapanda juu ya nundu ya mwamba iliyo kando ya msitu, inashuka upande wa pili mpaka kwenye korongo, kisha inapanda kidogo na kuingia kwenye tanki. Nundu yenyewe iko chini kuliko chemchemi. Hilo nililihakikisha kwa macho na kwa miguu.

Jioni nikakaa na simu yangu mpaka ikawa moto. Nilipata video za watu wenye kofia za plastiki wakichora mistari. Niliposhiba maneno nikaenda jikoni kwa mama.

"Mama, tatizo ni presha. Graviti inasukuma maji, lakini kuna upotevu wa presha kwenye nundu kwa sababu ya hewa iliyofungiwa, kwa hiyo ile presha ya..."

"Wewe," akasema, akiwa na mwiko mkononi, "unanieleza ama unanitukana?"

"Nakueleza."

"Basi anza tena kama mtu."

Nikaanza tena. Nikatoa neno presha, nikatoa graviti. Nilipoyatoa nikaona hakuna kilichobaki. Ilikuwa kama kumvua mtu koti na kukuta hamna mtu ndani.

Siku iliyofuata niliteremka mjini na yule jamaa wa bodaboda anayemletea mama maji. Njiani pikipiki ikaanza kukohoa, ikazima. Hakushtuka. Alifungua kofia ya tanki la petroli, ikatoa mlio mdogo, akaifuta, akapuliza kitundu kilichokuwa juu yake, akaifunga, pikipiki ikawaka.

"Kitundu kikiziba," akaniambia, "petroli haishuki. Lazima hewa iingie nyuma yake, ama inagoma."

Nikaruka pale nyuma kidogo nianguke. Hewa! Petroli haishuki bila hewa kuingia, na maji ya mama hayashuki! Nilikata safari, nikamlipa jamaa nauli ya nusu njia, nikarudi mlimani kwa miguu, kwa njia ya mkato, ili nifike haraka. Nilimkuta mama akichambua mbaazi, nikamwaga yote bila kuvuta pumzi: kofia, kitundu, petroli, paipu. Tukitoboa kitundu kwenye nundu, hewa itaingia, maji yatashuka. Safari hii alielewa kila neno. Nilimwona akielewa. Nikajisikia profesa.

Kisha akaweka ungo chini.

"Kofia ya tanki imekosa hewa," akasema.

"Ndiyo."

"Na jana ulisema paipu yetu ina hewa iliyofungiwa."

"Ndiyo."

"Sasa paipu yetu shida yake ni kukosa hewa, ama ni kuwa nayo?"

Kuku mmoja akapita kati yetu. Nikamfukuza kwa mguu.

"Sijui," nikasema.

"Haya," akasema, akachukua ungo wake. "Hapo sasa tunaweza kuanza."

Nimefundishwa na walimu sita maishani mwangu, na wote sita waliniambia jibu langu ni kosa. Huyu ndiye wa kwanza kuniambia kosa langu liko wapi hasa. Kwa kuwa nilikuwa nimemweleza kwa lugha yake, aliweza kulikamata. Yale ya presha na graviti asingeyakamata, na mimi pia nisingeyakamata. Tungeyaheshimu tu, sote wawili.

Tukapanga pamoja namna ya kujua. Ukilegeza kiungo cha paipu pale juu ya nundu, moja kati ya mambo mawili litatokea. Kama paipu imekosa hewa, itavuta pumzi ndani. Kama ina hewa imekaa humo, itapumua nje. Ni jambo la nusu dakika na spana moja. Shida ni kwamba paipu ya juu ya nundu ilikuwa ya buluu, na buluu ilikuwa rangi ya mwenyekiti. Hakuna aliyegusa paipu ya nyumba nyingine pale. Hiyo haikuandikwa popote, lakini mama alinitazama kama nimependekeza kumfungulia mtu kabati la nguo.

"Nenda kamwombe," akasema. "Na ukienda, usiende na ile presha yako."

Mwenyekiti alikuwa fundi wa kujenga aliyestaafu. Nusu ya maduka ya zamani ya Voi, alisema yeye, yamesimama kwa mikono yake, na nusu iliyobaki ina nyufa. Nilimkuta akiweka msingi wa chumba kipya nyuma ya nyumba yake. Alikuwa amechoshwa na habari za maji kuliko mtu yeyote, kwa sababu kila mwenye kiu alianza kwa kumlaumu yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mpangaji anayetembea na paipu yetu kama mbwa anayenusa."

"Ndiye mimi."

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba nadhani kuna hewa imekaa kwenye nundu, iliingia wakati wa ukame chemchemi iliposhuka na paipu ikanywa upepo badala ya maji, na mvua iliporudi hewa ile haikupata pa kutokea. Nikamwambia tuweke mfereji mdogo pale juu, wa kufungua na kufunga kwa mkono, tuitoe.

"Mfereji juu ya mwamba, kando ya fighi," akasema. "Nani atakuja kuchota huko? Nyani?"

"Wa kutolea hewa, mzee."

"Sikiliza, kijana. Mimi nimebeba maji na nimebeba hewa. Maji ni mazito. Hewa ni nyepesi, haina kitu. Huko juu kuna maji ya kujaza nyumba hii. Mzito anashindwaje na mwepesi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na sikuwa na jibu lake. Nilimwambia hivyo hivyo: mzee, sina jibu. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akanionyesha upande wa pili wa msingi.

"Basi kama huna jibu, una mikono. Shika ncha ile."

Alikuwa akipima levo kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba wa kuonyesha ndani ambao kila fundi anao. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, na maji yakisimama pande zote mbili yanakuonyesha urefu ulio sawa. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi. Nikashika ncha yangu kwenye kigingi, yeye akashika yake, akatazama, akatazama tena, akaanza kung'aka.

"Hii haiwezi kuwa! Huko kwako iko chini kwa shubiri nzima? Mimi nimechimba kwa macho haya haya!" Akaufuata mpira kwa kidole mpaka pale ulipokuwa umepanda juu ya rundo la matofali. "Si hii hapa! Hewa! Nani alijaza mpira huu? Hewa ikiwa ndani, levo inadanganya, hata mtoto wa..."

Kidole chake kikabaki pale pale. Mimi nilikuwa tayari nimeinama kutazama.

Juu ya rundo la matofali, ndani ya mpira, kulikuwa na kipande cha hewa kirefu kama mkono wangu, kimejilaza pale mpira unapoanza kushuka kuja upande wangu. Upande wake maji yalikuwa juu. Upande wangu yalikuwa chini. Yalikuwa maji yale yale, mpira ule ule, na hayakulingana.

"Mzee," nikasema polepole, kwa sababu nilikuwa nikielewa huku nikisema, na niliogopa nikiharakisha nitaacha kitu nyuma. "Hebu ongeza maji upande wako."

Akamimina kwa kikombe. Maji yake yakapanda hata karibu na mdomo wa mpira. Yangu yakasogea kidogo tu, yakasimama.

"Umeuliza mzito anashindwaje na mwepesi," nikasema. "Hapa kwenye mteremko, kutoka juu ya matofali mpaka chini, palitakiwa pawe na maji. Maji yangeshuka hapa kwa uzito wake, yangeyasukuma haya yangu yapande. Sasa mahali pake imekaa hewa. Hewa haisukumi kitu, haina uzito. Haipigani na maji, mzee. Imekaa tu kwenye kiti cha mtu wa kazi."

Mwenyekiti alitazama mpira.

"Ni kama kusukuma lori lililokwama," akasema. "Watu kumi, na watano wameketi ndani."

"Ndiyo!"

"Na wale watano si wabaya. Ni wavivu tu."

"Ndiyo, mzee!"

"Kwa hiyo haishindi kwa nguvu. Inashinda kwa huo wepesi wake."

Nilitaka kumkumbatia, simiti na yote. Nilikuwa nimesoma jambo hilo siku tatu usiku kwenye simu, kwa mistari na herufi, na sikulijua. Nikalijua pale, nikiwa nimeshika ncha ya mpira, dakika ile ile nilipolisema. Na yeye akalijua vizuri kunizidi, akanirudishia likiwa limenyooka. Swali lake la kunikatalia ndilo lililokuwa jibu.

Akaokota mpira, akauinua ili hewa ipande kwenye ncha yangu, ikatoka na kupasuka kimya. Tukarudisha ncha kwenye vigingi. Maji yakalingana.

"Tuende tukafungue sasa hivi," nikasema.

"Hapana," akasema. "Paipu ni yangu lakini maji ni ya watu. Tutafungua Jumamosi, mbele ya wote. Ukiwa umekosea, waone wenyewe, na wang'oe paipu zao kwa roho safi. Sitaki kusikia baadaye kwamba mimi na mpangaji tuliziharibu kwa siri."

Jumamosi asubuhi walikuja kweli kweli kung'oa. Walikuwa na spana, kamba, mikokoteni miwili na punda mmoja aliyekataa kupanda mpaka kwenye nundu. Yule jamaa wa bodaboda alikuwepo, na nadhani alikuwa na wasiwasi kwa sababu zake. Mama mwenye nyumba alipanda pia, kwa goti lile, akisimama kila baada ya hatua kumi na kumfokea yeyote aliyejaribu kumshika mkono.

Mwenyekiti akanisukuma mbele. "Eleza."

Nikaeleza. Sikuwa na mpira wala matofali, nilikuwa na mikono. Kuna kijana mmoja mwenye paipu nyeupe aliyenikatiza.

"Profesa, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Ah! Basi tumefika." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ilikuwa kweli.

"Sasa sikiliza," nikamwambia, "usiniamini. Mzee akilegeza kiungo hiki, paipu itafanya moja kati ya mawili. Ikivuta pumzi ndani, nimewadanganya, chukueni paipu zenu. Ikipumua nje, basi kuna hewa imekaa humo, na nyuma yake kuna maji yanayosubiri. Weka mkono wako hapa wewe mwenyewe utuambie."

Hakutaka kuweka. Nadhani aliogopa kuwa shahidi. Mama mwenye nyumba ndiye aliyesogea, akapiga goti lake lililo zima juu ya mwamba, akaweka kiganja kwenye kiungo cha buluu.

Mwenyekiti akafunga spana, akalalia. Chuma kikakataa. Akalalia tena, mishipa ya shingo ikamtoka, kiungo kikatoa sauti ya kuvunja ukuni. Halafu pakawa kimya kabisa, na katika kimya kile nilijua kwamba naweza kuwa nimekosea. Mpira wa fundi si mlima. Kulikuwa na mambo mengi nisiyoyajua.

"Inapumua," mama akasema.

Watu wakasogea karibu.

"Inapumua nje! Inapumua, jamani! Njooni muone, inanipepea mkono!"

Kisha tukaisikia wote. Ilianza kama mtu anayepoza chai, ikakua, ikawa mlio mrefu uliowafanya ndege watoke kwenye fighi. Ilipumua na kupumua. Yule mwenye paipu nyeupe sasa aliweka mikono yote miwili, akawasukuma wengine wakitaka zamu. Hewa ilitoka kwa muda ambao mtu angeweza kunywa kikombe kizima cha chai, nasi tukisimama kuizunguka kama watu wanaosikiliza habari redioni, na nikamwona mwenyekiti akihesabu kwa midomo, akilinganisha urefu wa mlio na urefu wa mteremko.

Maji yakaja bila kubisha hodi. Yalimpiga mama usoni, mekundu kwa kutu, yakampiga mwenyekiti kifuani, na mama badala ya kurudi nyuma alifungua mdomo.

Tukafunga kiungo chenye njia tatu nilichokuwa nimeteremka kukinunua Voi wiki ile, na juu yake mfereji wa shaba, watu wakishika paipu huku na huku bila kuuliza rangi ni ya nani. Mwenyekiti alifungua mfereji ule kidogo kidogo, akaacha hewa ya mwisho itoke ikitema mate, na maji yalipotoka matupu akaufunga. Yule jamaa wa bodaboda alikuwa tayari amekimbia chini kwenye tanki, simu sikioni.

"Bado," akasema kwenye simu ya mwenyekiti, iliyokuwa imefunguliwa sauti wote tusikie. "Bado. Kavu. Bado."

"Subiri," nikasema.

"Kuna sauti. Kama mtu ana kikohozi. Inakohoa, mzee. Inakohoa tena. Imenyamaza." Tukatazamana. "Imenyamaza kabisa. Mzee, mimi nadhani..." Halafu ikaja sauti ya bati likipigwa ngumi, na jamaa akipiga kelele kama amefunga bao. "Yamefika! Mzee, yamefika! Yananimwagikia viatu!"

Mlima mzima ulishuka mbio. Nilibaki nyuma na mama kwa sababu ya goti lake. Tulipofika, maji yalikuwa yamebadilika kutoka mekundu kuwa ya chai, kutoka chai kuwa meupe. Mkutano haukufanyika. Mwenyekiti alijaribu kuufungua mara mbili, akaona anahutubia migongo. Ile mikokoteni iliyoletwa kubebea paipu ilikuwa imejaa mitungi, na punda, ambaye sasa hakuwa na mlima wa kupanda, alikubali kubeba sita.

Akina mama wengine walikuwa wamechelewa kufika, wakauliza imekuwaje. Nikafungua mdomo niwaeleze. Mama mwenye nyumba akanishika mkono.

"Wewe nyamaza," akasema. "Utaanza na presha."

Akawageukia. Akawaambia kwamba maji hushuka kwa uzito wake, na yanaposhuka ndipo yanaposukuma yale yanayopanda. Wakati wa kiangazi paipu ilimeza upepo, na upepo ukapanda ukakaa kwenye mteremko ule mahali pa maji, na upepo hauna uzito wa kusukuma. Tumemfungulia mlango akatoka. Kiangazi kikija ataingia tena, tutapanda, tutamfungulia tena.

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Yale ya kiangazi kijacho mimi sikuwa nimeyafikiria. Akina mama wale waliitikia kwa vichwa kama watu walioelezwa njia ya kwenda sokoni, wakaenda kupanga foleni, na mmoja wao, akiwa bado anakinga, akaanza kumweleza aliyekuwa nyuma yake.